Tenga Halikusombwa na Maji

Kinole,
Alhamisi.

Dada yangu Josephina,

Shikamoo. Habari za Bigwa, za shemeji, na za magoti yako? Sisi huku tu wazima, baridi tu inatukata masikio. Barua hii nimempa Nasra akuletee mkononi akishuka na ndizi, maana nikipiga simu anapokea shemeji, na haya si ya shemeji.

Kwanza niache nijisifu, nimevumilia vya kutosha. Jesca wangu, ambaye alipomaliza chuo Mazimbu ulisema ataishia kufuga kuku, sasa ndiye anayeshika kamera kwenye filamu ya mambo ya kweli, siyo ya kuigiza. Kamera yenyewe nzito kama mkungu wa ndizi, na mlima anaupanda nayo bila kuhema! Amekuja na wenzake kuwapiga picha Magreth na Rehema, wale waliomshtaki Benedikto mnunuzi wa karafuu kwa aliyowafanyia ghalani kwake wakati wa kupima mizigo. Yeye anatangaza kijiji kizima kwamba ni wanawake wawili tu wenye chuki, wamekaa wakatunga.

Sasa mkuu wa wapiga filamu hao, Thobias wa Dar es Salaam, kijana ana adabu lakini mlima haujui, akataka wakae gizani waonekane vivuli, na sauti zao zifanywe nzito. Alisema ni kwa usalama wao. Wenyewe hakuwauliza. Magreth akamwambia hapa Kinole hata mgongo wake unajulikana, watu wameufuata kwenye njia hizi nyembamba tangu akiwa msichana. Rehema akauliza kwani wao ndio walioiba, maana kwenye taarifa ya habari wanaofichwa sura ni wezi. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Basi Thobias akaomba angalau Rehema ashike shavu, atazame bonde kwa huzuni. Rehema akajibu kwamba bonde hilo analitazama kila siku akipalilia na halijawahi kumliza. Akaenda kuvaa kitenge cha Pasaka na hereni, akakaa mbele ya kamera, akataja jina lake na ukoo wa mama yake, akasema yote.

Dada, hapa uketi.

Unakumbuka lile tenga lako jipya nililoazima kupelekea karafuu, Jesca akiwa darasa la pili? Nilirudi bila tenga nikakwambia limesombwa na maji mtoni. Ukaninunia mpaka Kwaresima ikaisha. Halikusombwa. Lilibaki ghalani kwa Benedikto, siku aliyofunga mlango akisema nimsaidie kupima. Nilitoka mbio, tenga sikulirudia, na karafuu sikumpelekea tena.

Kwa hiyo Rehema alipomaliza niliweka birika chini, nikakaa kwenye kigoda alichokalia, nikasema. Aliyekuwa nyuma ya kamera ni mwanangu, na alikuwa hajui. Thobias alimuuliza kwa ishara kama azime, akakataa kwa kichwa. Nilipomaliza ndipo akaizima, akalia, nikamfuta machozi kwa khanga yangu.

Jumatatu nashuka mjini, dawati la jinsia polisi, kuandikisha maelezo. Tutakuwa watatu, tuone atasema nini. Jumapili hii baada ya misa filamu inaonyeshwa ukumbi wa parokia. Najua Benedikto ni baba wa ubatizo wa Yeremia wako na kila Krismasi mnakula kwake. Sikuombi ruhusa. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele karibu na changu. Usipokuja nitaweka juu yake tenga, nimelinunua la kukulipa.

Msalimie Yeremia, umwambie mwenyewe kabla hajasikia barabarani. Magreth na Rehema wanakusabahi. Na ukija, angalia vizuri pale ninaposema: picha haitikisiki hata kidogo. Mkono wa mwanangu huo!

Ni mimi mdogo wako,
Winfrida, mama yake Jesca mpiga filamu.