Si Vichaka, Baba, Ni Michu

Baba,

Somoe, mjukuu wako, sasa hivi tu amechuma jani la mchu, mkoko wako ule mfupi, hapa kisimani akalitia mdomoni. Kalilamba, kakunja uso wote, kalitemea kwenye kanga yangu, halafu akanitazama kwa hasira kama mimi ndiye niliyelitia chumvi. Nimecheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea yenyewe. Ndipo nikachukua hili daftari.

Huyu hukumwona. Ulipozikwa mimba ilikuwa ya miezi mitano. Ana jina la mama yako na ubishi wako.

Unakumbuka uliponilambisha mimi? Ulinibeba begani mpaka kule mwisho wa mikoko, pale jangwa jeupe la chumvi linapoanza, bahari haifiki ila siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Ulikuwa mkata boriti, mikoko mirefu ndiyo iliyotulisha, lakini mapenzi yako yalikuwa kwa ile michu mifupi ya mwisho, isiyokufika hata kifuani. Ukaniambia pale chumvi imezidi na maji matamu hakuna, basi mchu unakunywa hayo hayo, chumvi unaitoa kwa majani kama mtu anavyotoka jasho. Hauna nguvu ya kurefuka, yote inaishia kwenye kuishi. Ukanionyesha mizizi iliyochomoza topeni kama penseli, ukasema ndizo pua zake. Halafu: "Huyu kanizidi umri. Mpe shikamoo yake." Nikaitoa, nawe ukajibu "Marahaba" kwa sauti ya puani, ya kizee. Miaka mingi niliamini ni mti uliojibu.

Baba, wameikata.

Siku hizi kila kitu ruksa. Amekuja tajiri wa mashamba ya chumvi, na karatasi imeandikwa atafyeka "vichaka vya pembeni ya jangwa". Msomaji nani? Mimi, na darasa la saba langu. Nikawasomea kina mama kwa madaha kabisa. Na sisi hapa kichaka ni ile miiba ya upande wa makaburini, inayoficha nyoka. Nani amewahi kuita mchu kichaka? Tukapiga vigelegele, wazee wakatia dole gumba. Kesho yake mashoka yakaingia kwenye michu.

Ungeona kule sasa. Hapana, afadhali usione. Tope limekuwa jeusi, linanuka yai viza. Kaa wamekufa matumbo juu, nzi wanawatambaa machoni. Vibarua wanakaa kwenye visiki, wanatema mate, wanachemshia chai kuni zile zile. Chumvi ya kwanza ilipogawiwa, kopo moja kila nyumba, mama akaitia kwenye mchuzi. Tonge moja tu, nikatoka nje nikatapika. Sijui kinyaa kile kilikuwa cha chumvi yao, au cha hii sauti yangu ya kusomea.

Bakari, kaka wa mume wangu, ndiye msimamizi wao. Kapewa baiskeli, kengele anaipiga hata njia ikiwa tupu. Nilipomlaumu akanicheka: "Shemeji, unalilia vijiti vya kuchokolea meno? Vidogo vile, vitaota tena kabla Somoe hajang'oka meno!"

Vidogo. Miti iliyokuzidi umri wewe.

Lakini sikiliza. Jana nilipita kule, Somoe mgongoni. Kisiki kimoja, kimekatwa vibaya, kimepasuka, kimetoa majani mawili ubavuni. Mawili tu, Baba, mabichi yanang'aa. Nikachutama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Leo baada ya alasiri kuna karatasi nyingine. Wanataka ukanda huu wa kisimani, na upande huu hatuna kisima kingine chenye maji matamu. Wewe ulisema michu hii ikiondoka, chumvi itaingia mpaka ndani. Wameniita nisome tena, maana kina mama wananiamini. Bakari kaniletea karatasi mapema niizoee. Nimeiangalia. Neno ni lile lile, vichaka.

Basi lala, Baba. Kaburi lako nimelipalilia, kichwani hapana mwiba tena. Na ahadi yangu ni hii: leo nitasoma polepole, nikifika kwenye neno lile nitasimama, niwaambie hapa wameandika vichaka lakini wanataka michu ya kisimani, na mara ya kwanza niliyewapotosha ni mimi. Bakari atanitukana. Mume wangu sijui atakaa upande gani. Naogopa, sikufichi, ila nina mtoto wa kunywesha maji.

Mama ananiita. Watu wamekaa, anasema, tajiri keshafika, njoo na karatasi. Nakuja, mama! Baba, sauti ikinitetemeka nita...