Mtoto Anayebusu Kila Mkono

Bi Prudensia, nakusalimu kwa heshima na naingia moja kwa moja kwenye shida yangu, maana nilimtafutia mwanangu adabu na sasa adabu yenyewe yanitisha. Mie ni mzaliwa wa Lamu, naishi Sharpstown hapa Houston na mume wangu Abdulhafidh, dereva wa malori, na binti yetu Afnan wa miaka saba ambaye ana usonji na hasemi, na zamani mgeni akiingia na kumnyooshea mkono aubusu kama watoto wa kwetu wafanyavyo, Afnan alikuwa akiusukuma huo mkono na kujificha nyuma ya pazia, mpaka Idi moja akausukuma mkono wa mama mkwe wangu aliyetoka nyumbani kuja kututembelea, mbele ya wanawake wenzangu wa msikitini, na mama mkwe akasema, wote wakisikia, kwamba mtoto huyu kalelewa na Marekani, mama yake yupo yupo tu. Niliona haya hata chai nikashindwa kuimimina.

Wakati huo alikuwa ameanza kuja kwetu dada mmoja, Natalia, wa kumfanyia Afnan tiba ya tabia, ile ya kumfundisha mtoto jambo hatua kwa hatua na kumtuza akiweza, na msimamizi wake alitushauri tuanze na kadi za picha ili Afnan aweze kuomba maji, kuomba kupumzika na kukataa asichokitaka, lakini mie nikasema kadi zitangoja, kwanza abusu mikono ya wakubwa. Natalia akakubali. Akawa anamnyooshea mkono, Afnan akiubusu apewa kipande cha tende, akiusukuma hapewi kitu wala hatazamwi, na mkono warudi palepale mpaka aubusu, nami nikaambiwa nisimpe tende wakati mwingine wowote ili azitamani, nikazificha juu ya kabati. Akajifunza. Idi iliyofuata alizunguka sebule nzima akibusu, wanawake wakapiga vigelegele, na mama mkwe nikampelekea video.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa nachagua ndizi dukani, nikageuka, Afnan hayupo, nikamkuta mlangoni ameshikwa mkono na mwanamume nisiyemjua, na yule mtu akanieleza kwamba alinyoosha mkono kuchukua toroli, mtoto akaubusu kisha akasimama akimtazama kama anayengoja kitu, basi akamshika ampeleke kwa wafanyakazi wa duka wamtafute mzazi wake. Hakuwa na ubaya, nilimshukuru. Lakini angekuwa nao je, Bi Prudensia, si angekwenda naye vilevile?

Nilimwambia mume wangu nataka tuache. Akanijibu, "Mtoto ame-improve, wewe wataka kuharibu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Na mama mkwe yuaja tena mwezi ujao. Ningenyamaza, ila jana nilikuwa namsuka, kitana kikakwama kwenye fundo nikavuta kwa nguvu, na zamani angenisukuma na kukimbia, lakini jana machozi yalimtoka, akageuka, akanibusu mkono. Je, tiba hii ni mbaya, tuiache yote? Au mie ndiye nina wasiwasi wa bure?

Mama Afnan, Sharpstown

Prudensia anajibu:

Mama Afnan, pole. Wasiwasi wako si wa bure, ila umechelewa kuja, na hilo nitakusema kidogo.

Tiba si adui. Kisu hichohicho hukata kitunguu na hukata kidole, inategemea kimeelekezwa wapi, na nyinyi mlikielekeza kwa mtoto kwa sababu ya maneno ya wageni. Afnan hakuwa hana adabu. Alikuwa hana maneno, akawa na neno moja tu, nalo lilikuwa kusukuma mkono. Lilikuwa na maana ya "sitaki". Wewe hukulipenda kwa sababu lilisemwa mbele ya watu, basi ukalinunua kwa tende, na hukumpa lingine badala yake. Anayefanya kazi hii vizuri huuliza kwanza tabia inasema nini kabla ya kuifuta, na huuliza jambo jipya litamfaa nani. Kubusu mikono kulikufaa wewe. Mtoto akionyesha hataki, somo husimama hapohapo, hata kama hasemi. Natalia alitakiwa kukukatalia, na hakukukatalia. Msimamizi wake naye alitoa ushauri mzuri kisha akakaa kimya ulipoutupa.

Kwa hiyo usiifukuze tiba, igeuze. Kesho asubuhi mpigie msimamizi, mwambie unataka kikao na Natalia awepo, na somo la mikono lisimame papo hapo. Mueleze la dukani na la kitana kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza. Tende zishushe kabatini, mtoto azile kwa kuwa ni mtoto wa nyumba. Somo la kwanza sasa liwe "sitaki", kwa kadi, kwa kiganja, kwa lolote analoliweza, na liheshimiwe na kila mtu wa nyumba hiyo. Akikuonyesha hataki kusukwa, weka kitana chini hata kama kichwa kimesukwa nusu. Wacha majirani wacheke. Dawa na kuvuka barabara hilo ni jambo jingine, hapo utamshika, lakini umuonyeshe kwamba umemsikia. Salamu zitakuja baadaye, naye achague: kuweka mkono kifuani kwake mwenyewe ni adabu ya kutosha kwa mkubwa yeyote mwenye akili.

Baba yake umwambie methali yake ni nzuri, ila imemkosa mtoto huyu. Hamkumchelea kulia, na sasa analia huku anabusu mkono unaomuumiza. Muulize kama anataka binti wa namna hiyo atakapokuwa na miaka kumi na sita na yeye yuko barabarani na lori lake. Asikujibu haraka.

Mama mkwe naye mpigie kabla hajapanda ndege, umweleze wewe mwenyewe. Akifika, atanyoosha mkono, maana amezoea. Ikiwa Afnan atausukuma mbele ya wageni wote, usimwombe mtu radhi na usitazame chini. Mwinamie mwanao, umwambie, "Nimesikia."