Walii Yuko Goba

Goba, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo Ujiji mmeamka salama, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Nimesikia ametoka eda. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Mengine sijui nikuelezeje, ndiyo maana naandika. Ukinipigia simu najikuta nasema "ndiyo", "haya", "sawa", mpaka unachoka unakata.

Umeniuliza swali moja tangu mwezi uliopita: baba hayupo, walii wako ni mimi, je, nitakuja kukuozesha mwenyewe au nimpe baba mdogo uwakala? Shekhe anasubiri, shemeji mtarajiwa anasubiri, na najua wewe unasubiri kuliko wote. Nilikuwa nimeshaamua kumpa baba mdogo. Si kwa ubaya. Sikuwa nahisi kitu, dada, si furaha yako wala msiba wetu, nikaona si haki mtu wa namna hiyo kukaa mbele ya watu akaushika mkono wa bwana harusi.

Ngoja nikueleze kazi iliyonishika. Tunatengeneza vipima maji vya visimani, ingawa majirani wanadhani ni redio. Ndani yake mna kompyuta ndogo na betri inayochajiwa na jua. Mimi naandika dreva, yaani programu ya ndani kabisa inayoamrisha kila kifaa humo. Kila kifaa kina umeme wake na saa yake. Si saa ya kutazamia wakati; ni mapigo, kama ya moyo. Unawasha umeme, unafungulia saa, ndipo unakigusa. Ukikigusa saa ikiwa imezimwa, mashine nzima inaganda. Na kila anayekihitaji kifaa, yaani kila programu, anahesabiwa anapokuja, akiondoka anatolewa kwenye hesabu. Wakishaisha wote, saa inazimwa, kisha umeme, kifaa kinalala na betri inapumzika.

Vya kwetu vilikataa kulala. Kimoja tulikifunga kwenye kisima cha msikiti huko Mbweni, na kila tukienda tunakuta betri imekufa. Mzee anayetunza kisima akatucheka: "Wanangu, kidude chenu hiki kinakula umeme kushinda feni zote za msikiti." Nilitafuta kosa wiki baada ya wiki. Sikukasirika wala sikuchoka, nilitazama tu.

Aliyeliona ni Salum, mwenzangu wa ofisini, mtoto wa wenye duka Temeke.

"Braza, cheki hapa. Umekiomba kifaa kiamke, kimegoma, we ukasepa."

"Si kimegoma? Sikukitumia."

"Hata kama. Ukishapiga hodi tu, ushahesabiwa. Kifunguke kisifunguke, lazima uage."

Ni kweli, ndivyo kanuni ilivyo. Mimi nilidhani mlango usipofunguka huna wa kumuaga. Kumbe waya ukilegea kidogo kifaa kinagoma, mimi nabaki kwenye hesabu, na saa inaendelea kupiga kwa ajili ya mtu aliyekwisha ondoka. Nikaongeza mstari mmoja. Kikalala.

Salum alishangilia peke yake. Akanitazama. "Uso umeukausha kama ukuta. Halafu sie hatukukuonaga ukisafiri. Mzee ulimzika kweli?"

Nikamwambia. Kwamba nilikuwa stesheni na begi langu uliponipigia ukasema mmeshazika, maiti haisubirishwi. Kwamba niligeuza na begi lile lile nikaja ofisini. Harusi yako nilishamtajia. Akauliza sista ataozeshwa na nani. Nikamjibu, baba mdogo.

"Mie siwaingilii. Ila yaseme kwanza hayo maneno ya kuozesha. Yakikushinda, mpe huyo baba mdogo."

Jumatano, wenzangu walipokwenda kula, nilisimama nyuma ya tangi la maji nikayasema. Nilikuwa nayakumbuka vizuri kutoka siku baba alipomwoza dada Mwajuma. Nikaanza: "Nimekuoza binti yangu Zuhura, kwa mahari mliyokubaliana." Yalitoka bila shida, na sauti yangu ilifanana na yake. Ndipo nikagundua kuwa nimesema maneno ya baba. Wewe si binti yangu. Nikarudia: "Nimekuoza dada yangu..." Hapo nikakwama. Aliyetakiwa kusema "binti yangu" hayupo tena duniani, Zuhura. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kwa sauti, mpaka Salum akaja akafunga geti ili majirani wasije kuuliza. Sikuwa nimelia tangu afe. Tangu siku hiyo ganzi inarudi, inaondoka, inarudi.

Nisalimie mama, mshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie dada Mwajuma na shemeji, na shangazi yetu wa mawese sokoni. Shemeji mtarajiwa mpe salamu, mwambie siku hiyo asiukaze sana mkono wangu. Na baba mdogo mshukuru, mwambie uwakala sitampa. Nakuja na treni, nitapitia makaburini kwanza ndipo niingie nyumbani.

Siku hiyo nikifika kwenye neno "dada yangu" nikanyamaza, shekhe asinisaidie, na mtu yeyote asinisemee. Mnisubiri. Nitalisema.

Mdogo wako,
Hamisi