Mkufu Uliotoka Dukani Shingoni Mwangu

KITUO CHA POLISI, SANTA FE, NEW MEXICO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Avelina Tortalita
Umri: Miaka 84
Kazi: Mwalimu mstaafu
Makazi: Kijiji cha Kewa, cha wenyeji wa asili
Tarehe na saa: 6 Agosti 2019, saa tatu asubuhi
Mpokea maelezo: Sajini Orlando Baca

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, pamoja na mtungi wangu wa oksijeni. Daktari amesema moyo wangu hautafika majira ya theluji. Kwa hiyo sina sababu ya kumwogopa mtu, wala sina pumzi ya kusema jambo mara mbili. Mmemkamata Delfino Pacheco, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa wizi wa mkufu. Mkufu huo niliuchukua mimi.

Mkufu ni wa baba yangu, Santiago, aliyeutengeneza kwa mikono yake. Feruzi, jiwe letu la samawati, aliitoboa kwa keekee, punje baada ya punje, akaitunga uzini na kuisugua juu ya jiwe mpaka shanga zote zikalingana. Katikati ya feruzi akaweka shanga za fedha, alizozifua juu ya kipande cha reli na kuzilehemu, nusu mbili kwa kila shanga. Shanga ya fedha ya tatu kutoka kwenye kifungo ina kibonyeo. Niliing'ata mimi, nikiwa mtoto wa kubebwa anayeota meno. Mama alitaka inyooshwe. Baba akasema, "Iache. Hiyo ndiyo sahihi yangu."

Mnamo tarehe 4 Agosti 1978, siku ya sikukuu ya kijiji, mkufu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, ukimsubiri mcheza ngoma. Kwetu siku hiyo anayecheza huvaa vito vya ukoo mzima, vya kwake na vya kuazima, na jioni kila kitu hurudi kwa mwenyewe. Siku hiyo pia milango yote huwa wazi, na yeyote apitaye huitwa ndani ale. Wageni wengi walikula kwetu. Walipoondoka, msumari ulikuwa mtupu. Kaka yangu alitaka kuwakimbiza barabarani awapekue. Baba alimzuia. "Mtu niliyemlisha simpekui," alisema. Hatukuripoti popote. Baadaye watu wa mjini waliniambia tulikosea. Huenda. Mwaka uliofuata milango yetu ilikuwa wazi vilevile. Baba alifariki mwaka 1983 bila kuuona tena mkufu wake.

Mnamo tarehe 1 Agosti mwaka huu, kwenye saa nne asubuhi, Delfino alinileta mjini hospitali. Tulipotoka huko tulipita mbele ya duka la Bwana Garrett Stroud, nikauona mkufu kwenye kioo. Nilimwambia Delfino anifungulie mlango. Hakujua zaidi ya hapo. Nilimwomba Bwana Stroud niujaribu, akanivalisha mwenyewe.

"Umekupendeza, bibi," alisema. "Wa zamani sana huo. Aliyeutengeneza hajulikani."

"Hajulikani na nani?"

Akacheka. Nilipapasa shanga ya tatu. Kibonyeo kilikuwepo, ingawa jino lenyewe liling'oka zamani. Nikamwambia aliyeutengeneza ni baba yangu, na kwamba uliibwa nyumbani kwetu Kewa, siku ya sikukuu.

"Mimi nimeununua kihalali. Wewe una karatasi gani?"

"Nina shingo," nilimjibu, nikatoka nao.

Sikukimbia, siwezi kukimbia. Bwana Stroud alinifuata mpaka mlangoni akipiga kelele, lakini wateja walikuwa wanatazama, na nadhani aliona haya kumkamata bibi mwenye mtungi. Delfino alishika mlango kwa sababu amelelewa kuwashikia wazee mlango. Hicho ndicho mnachokiita kula njama.

Mnamo tarehe 4 Agosti, saa saba mchana, Bwana Stroud alifika kijijini. Alizunguka uwanjani akivikodolea macho vifua vya wachezaji. Wachezaji walikuwa mamia, na kila kifua kilikuwa na feruzi. Picha kwetu haziruhusiwi, kwa hiyo hakuwa na la kufanya ila kutembea juani. Binamu yangu Reyes, asiyemjua, alimwita kutoka mlangoni.

"We baba, utaanguka! Njoo ule!"

Akaingia, akanikuta mezani.

"Wewe!"

"Kaa, baba. Chakula kinapoa."

Akakaa. Nilimsogezea mchuzi wa pilipili na mkate wa tanuri. Alipokula, machozi yakamtiririka.

"Huyu vipi, amefiwa?" Reyes aliuliza.

"Amepoteza mkufu," nikasema.

"Maskini, pole. Hata sisi tulipoteza mmoja. Msumari wake ule pale."

Bwana Stroud aliutazama msumari kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uko wapi?"

"Unacheza," nikamwambia.

Alimaliza bakuli lake. Reyes akamfungia mkate wa njiani. Alipotoka, hakuna aliyempekua.

Kesho yake, kwa namba ya gari aliyowapa Bwana Stroud, mkaenda kumkamata Delfino kazini kwake.

Sitasema mkufu uko shingoni mwa nani wala katika nyumba ipi. Sijutii. Nimesomesha watoto wa kijiji kile heshima ya sheria kwa miaka mingi, na bado sijutii. Ikiwa sheria inauita huu wizi, andikeni jina langu, si la Delfino, na mfanye haraka, maana kuna mahali pengine ninaitwa. Huko sitakwenda na mkufu. Ule ni wa kucheza, na utacheza mwakani, niwepo nisiwepo.

Hayo ndiyo niliyoyatenda kwa mikono yangu na akili zangu timamu. Nimeyasoma, nayakubali.

Sahihi: A. Tortalita

Maelezo ya ofisa: Nathibitisha kuwa shahidi alisoma maelezo haya mwenyewe na kutia sahihi mbele yangu. Jalada linapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Nilimuuliza tena mkufu uko wapi. Alijibu kwamba nije kuutafuta mwenyewe tarehe nne Agosti ijayo, ila nile kwanza. Delfino Pacheco ametolewa mahabusu saa tano asubuhi. Ndiye aliyembebea mtungi hadi kwenye gari. Mlango niliwashikia mimi.

Sajini O. Baca