Jaji Ameuliza Mimi ni Nani Wako

Papa,

Leo jaji wa rufaa ameitengua hukumu yetu.

Ulipogongwa na lori ukafa pale mtaani Schaerbeek, huku ugenini, hakimu wa kwanza aliamuru kampuni ya bima itulipe fidia: Mama kama mjane, Bahati na mimi kama watoto. Tukadhani yameisha, tumebaki na kulia tu. Kampuni ikakata rufaa, ikasema ni nyingi mno. Leo jaji amekubaliana nao. Amesema angeweza kuipunguza mwenyewe palepale, hiari ni yake, ila ameona afadhali suala la fidia lisikilizwe upya, kwa sababu haelewi kwa nini mtoto wa kaka wa marehemu alipwe sawa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mtoto wa kaka. Papa, niligeuka nyuma nione anasemwa nani.

Nililetwa kwako Bukavu sijaota meno, baba aliyenizaa amezikwa. Nyumbani kwako jambo hilo halikusemwa. Hata hapa mwalimu alipokuuliza mimi ni nani wako, ulimjibu, "Huyu ni mutoto yangu, bon," ukanifunga skafu vizuri, ukakimbilia tramu kwenda kusukuma machela zako hospitalini Jette. Mimi nilijua hivyo tu. Leo nimeshtuka kama mtu aliyerudi kwake akakuta kitasa kimebadilishwa.

Kisha wakili akatuita kando. Kampuni inasema jina langu likiondolewa kwenye madai, Mama na Bahati watalipwa bila kubishana tena. Nikamtazama Mama. Bado anafagia maofisi na mgongo ule ule mbovu unaoujua. Nikashika kalamu nitie sahihi. Nilikuwa nimekubali, Papa, usinikasirikie.

Mama akaninyang'anya kalamu. "Papa yako aliacha batoto babili. Siku nitamukuta, nitamuambia mumoja niliuzisha?"

Mimi nililia mbele za watu, sikuona hata aibu.

Basi kesi itarudi. Itachukua muda, na huenda tukapata kidogo kuliko mwanzo, au mimi nisipate kitu. Pumzika, Papa. Nakuahidi nitasimama mbele ya jaji yule, na akiniuliza ninalilia nini, nitamweleza yote, kuanzia ile skafu.

Kalamu ya wakili bado iko mkobani mwa Mama. Amekataa kuirudisha.

Mtoto wako,
Neema