Popo Hawezi Tena Kubaki Nzuguni

Nzuguni,
S.L.P. 1174,
Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lameck,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Hujambo wewe, wifi yangu Anjelina na mtoto wetu Anna? Kile kikohozi chake kimepoa? Sisi huku ni wazima, ila kipupwe kinatupiga na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Mama yuko Mlali anamalizia kupura mtama. Goti lake limetulia, na anapanda ghalani mwenyewe ingawa nimemkataza.

Nakuandikia kwa mkono, na barua nampa Thobias anayerudi chuoni huko Ujerumani, kwa sababu kwenye simu nikitaja mbwa tu unaanza kucheka. Hii nataka uisome ukiwa umekaa.

Juzi umenitumia ujumbe kwamba mwenye nyumba wenu anasitasita, na kwamba pengine mbwa wako Popo asiletwe huko, abaki tu huku kwa kuwa amezoea Nzuguni. Tangu hapo situlii. Jana nimeshona sare ya shule nikaunga mkono wa kulia kushoto.

Popo uliyemwacha si huyu. Ulimwacha mbwa wa kwetu: mchana bandani, usiku nje, na mgeni hamsogelei. Ukaniambia huko mbwa hukaa ndani na watu, hutembezwa mchana kwa kamba, na hapandi ndege asipotulia kizimbani. Nikaona kazi ni kazi. Shajara yangu inaonyesha tulianza tarehe 3 Machi, mara tu daktari wa mifugo alipochukua damu yake ya kupeleka maabara kupima kinga ya kichaa cha mbwa.

Siku za kwanza mtaa ulitoka kututazama. Jirani yetu Mzee Mazengo aliwaacha mbuzi wake akaja hadi njiani.

"Mbukwa, mwalimu!" akaniita kwa salamu ya Kigogo kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo mwanafunzi wako yuko darasa la ngapi? Mimi hata ng'ombe wangu hawatembezwi hivyo."

Nilivumilia. Popo sasa huingia kizimbani mwenyewe, hulala usiku, haogopi pikipiki wala watoto. Nilimfundisha pia kwamba mtu akiinua mkono, yeye akae chini, angoje dagaa. Hilo alilishika kuliko yote.

Mwezi uliopita mwizi aliruka ukuta akachukua mtungi wa gesi. Popo alikuwa barazani, na sikusikia hata mguno. Nadhani alimtikisia mkia. Mzee Mazengo akasema, "Mwanangu, mbwa wako siku hizi analala kama karani." Nikacheka. Sikukuambia, maana nilijua Popo anaondoka.

Jumatano hii sikucheka. Upepo ulifungua geti, naye akashika njia yetu ya matembezi peke yake, bila kamba. Unajua huku mbwa akionekana anazurura juani watu wanafikiria nini. Vijana wa bodaboda karibu na duka la Hamida wakapiga kelele, "Kichaa! Kichaa huyo!" wakaokota mawe. Popo wa zamani angekimbia, au angewaonyesha meno wakimbie wao. Huyu wangu aliona mikono imeinuka, akakaa chini. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Akalia kidogo, akakaa tena.

Nilifika nikikimbia na nyuzi shingoni. Nikamkuta Hamida, ambaye siku zote mbwa akipita yeye huvuka upande wa pili asije akamgusa, amesimama mbele ya Popo kama ukuta.

"Nyie! Huyo ni Popo wa Penina, kachanjwa kuliko ninyi nyote! Atakayetupa tena asije kwangu kukopa vocha!"

Kisha akanigeukia. "Mchukue mtu wako. Na ufunge geti, shoga, mimi leo nimezeeka."

Bega linapona. Lakini kesho yake ujumbe wako ukaja. Jana nilijaribu kumrudisha kama zamani: nikamfungia bandani mchana, nikamfungulia usiku. Mchana kutwa alilia, na usiku akakwangua mlango wangu. Lameck, wewe ndiye uliyetaka afundishwe, na mimi ndiye niliyemfundisha. Hawezi tena kulinda nyumba, wala hajui tena kumkwepa mtu mbaya. Nikikaa kwenye cherehani nasikiliza geti tu. Siku moja sitawahi, na Hamida hatakuwepo.

Majibu ya damu ni mazuri, na ile miezi mitatu ya kungoja kabla ya mbwa kuruhusiwa kuingia huko imekwisha. Zungumza na huyo mwenye nyumba. Akikataa, tafuteni nyumba nyingine; watu huhama kwa mambo madogo kuliko hili. Nikifika tarehe 30 bila jibu lako, nitamwambia wakala wa kusafirisha wanyama amkatie Popo tiketi, nami nitamfikisha Dar mwenyewe. Mimi ndiye dada yako mkubwa. Mwenye nyumba utamweleza wewe.

Mama anawasalimu, na anamuuliza Anna kama bado anakula mlenda. Mzee Mazengo naye anakusalimu, pamoja na utani wake. Nisalimie wifi. Mungu awalinde nyote chini ya dari mtakayoichagua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokusumbua,

Penina