Udongo Usiotoka

Jumatatu, 4 Desemba

Nimepiga simu kliniki ya ngozi kule East London, mji wa pwani. Nafasi ipo Alhamisi saa nne asubuhi. Nimeichukua.

Miaka ishirini na sita nimebeba mashimo haya ya chunusi mashavuni. Nimejenga biashara ya mahema nayo usoni — mahema kumi na mawili, viti elfu moja na mia nne, malori mawili. Hakuna mteja hapa Butterworth aliyewahi kuniuliza habari ya mashavu. Wa kwanza kuniuliza ni Nozuko, dada mkubwa wa mchumba wangu Mzoxolo, siku ile nilipopelekwa kwao kutambulishwa. Hata kiti sijakalia: "Mzo, huyu umemtoa wapi? Mvua ya mawe ilimkuta njiani?"

Wakacheka wote. Mzoxolo naye. Alicheka kidogo — lakini alicheka.

Sherehe ya kunipokea kwao ni tarehe 23. Yule binti wa kliniki, Romaine, anasema sindano za uso zifanywe si chini ya siku kumi na nne kabla ya shughuli. Kutoka Alhamisi mpaka tarehe 23 ni siku kumi na sita. Nina mbili za akiba.

Anajua binamu yangu Pumeza tu. Miaka arobaini na mitatu, na nitakaa kwenye mkeka nyuma ya mlango, blanketi mabegani, macho chini, kama binti wa miaka kumi na tisa. Sawa. Nimekubali mwenyewe. Lakini uso nitakaoingia nao nitauchagua mimi.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimerudi. Naandika huku uso unawaka.

Romaine aliniuliza maswali mengi kuliko benki. Kidonda chako kikipona huacha uvimbe mgumu? Hapana. Midomo hukutoka malengelenge? Hapana. Unameza vidonge vya chunusi? Hapana. Krimu za kung'arisha? "Na hapo usinidanganye, mama. Wote hapa husema hawapaki. Halafu nikigusa, ngozi yenyewe inasema." Nikamwambia pesa ya kujichubua sijawahi kuwa nayo, na nilipoipata nikanunua lori.

Akafungua pakiti ya sindano mbele ya macho yangu. Akasema nikienda popote pengine nikamkuta mtu ameshafungua kabla sijaingia, nichukue mkoba wangu niondoke, hata kama nimeshalipa. Hilo nimelipenda.

Krimu ya ganzi dakika arobaini. Halafu kalamu yenye sindano ndogo ndogo — inanguruma kama mashine ya kinyozi. Paji la uso nusu milimita. Mashavu milimita moja na nusu. Nikamwambia aweke mbili. Hesabu ni rahisi: tukienda ndani zaidi, vipindi vitano vinakuwa vitatu.

"Mama, huku hatuchimbi mashimo ya nguzo za hema."

Nikang'ang'ania. Mwisho akakubali, mbili — pale penye mashimo tu.

Nilitegemea wekundu. Kwenye kioo niliona damu. Nukta nukta, mashavu yote mawili, kama nimekunwa kwa mbuzi ya nazi. Mtu anakuonya, unaitikia, halafu unajiona — moyo unaruka.

Akasema sasa hivi uso wangu una matundu maelfu, yote wazi, na chochote kitakachopakwa juu kitaingia ndani. Kwa hiyo mpaka Jumapili ni maji safi na jeli aliyonipa, basi. Poda hapana. Mafuta hapana. Jua hapana. Mkono wa mtu hapana.

Saa kumi na moja jioni. Mzoxolo amepiga simu. Baba yake mkubwa ameitwa hospitali Cape Town, anapasuliwa Jumanne. Ndiye pekee anayeweza kusimama kwenye zizi kusema na wazee waliotangulia. Kwa hiyo sherehe ni keshokutwa. Nifike kesho jua likizama.

Nikamuuliza, na mimi nimeulizwa saa ngapi?

"Thoza, si ndiyo nakwambia sasa. Mbuzi ameshapatikana."

Mbuzi ameulizwa kabla yangu.

Nikamwambia siko vizuri usoni. Akasema, "Uso wako naujua." Kwa upole kabisa alisema. Ningemwambia nini — kwamba nimeenda kuubadilisha?

Ijumaa, 8 Desemba

Ngozi inabana kama ngoma mpya. Damu hakuna, wekundu upo, na joto.

Romaine kwa simu: ahirisha. Nikamwambia mimi huahirisha harusi za watu, yangu siwezi. Akapumua. Basi shusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, kaa kivulini, mtu asikuguse.

Pumeza ndiye aliyesema lile ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. "Na wakikupaka imbola?" Ule udongo wa njano, wa uso wa bibi harusi.

Nikapiga hesabu. Mwaka huu nimefunga mahema kwenye harusi hamsini. Bibi harusi waliopakwa udongo uso mzima ni wanne. Wengine wanapaka rangi za dukani siku hizi. Na kwa kina Mzoxolo ni watu wa kanisa, wana dishi juu ya paa. Asilimia nane.

Nimekwenda na asilimia nane.

Jumamosi, 9 Desemba

Alfajiri mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, MaBhele, na bakuli mikononi. Nyuma yake Nozuko amekunja mikono ya gauni.

Udongo mzito, umesagwa, umechanganywa na mafuta ya ng'ombe. MaBhele akanieleza bila haraka kwamba ulichimbwa kwenye kilima cha kwao alikozaliwa, na ameutunza tangu mwanawe alipofiwa na mke wa kwanza. Miaka tisa. Kwamba alianza kudhani atazikwa nao.

Pumeza, aliyenisindikiza, akajaribu. "Mama, ngozi ya dada ni nyepesi kidogo."

"Nyepesi?" Nozuko. "Barabara ya mashimo ile iwe nyepesi? Hapo tunaziba, binti yangu. Serikali imeshindwa."

Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa uso wa mwingine.

Makoti, bibi harusi mpya, hasemi mpaka ale nyama ya mbuzi na maziwa ya mgando. Nilijua. Hata mgeni asiye na adabu anajua. MaBhele alinipaka shavu la kulia kwa vidole viwili, polepole, kama anamwosha mtoto. Kushoto alikuwa Nozuko — mikono inayokanda mkate wa misiba ya kijiji kizima. Akasugua mduara, mduara, mduara. Pilipili na mchanga. Niliona weupe. Machozi yakatoka yenyewe, MaBhele akasema vizuri, bibi harusi asiyelia huja kulia baadaye.

Kwa saa tisa nzima udongo ule ulikaa usoni.

Nyama nimekula. Maziwa nimekunywa. Baba mkubwa amesema na wazee kwenye zizi, sauti ile haifanani na ya mgonjwa. Jina langu kwao ni Nosapho. Mwenye familia. Mimi, niliyekula Krismasi kumi na moja peke yangu.

Jumapili, 10 Desemba

Hautoki.

Pumeza ameleta maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Ameosha mara moja. Mara mbili. Maji ya tatu yametoka meupe kabisa. Uso bado ni wa njano.

Nimechukua kioo. Nukta. Maelfu. Ndogo kuliko punje ya ulezi, zimepangika safu kwa safu kama ile kalamu ilivyopita. Paji la uso afadhali. Mashavu — yai la kanga. Nikakwaruza moja kwa ukucha. Ipo ndani. Ipo ndani ya ngozi yangu.

Sikulia. Nilikaa tu na kioo mkononi, mdomo wazi.

Nozuko akaingia na chai. Akatazama. Nimemjua mwanamke huyu miezi minane, sijawahi kumwona anakosa neno. Akaweka sinia chini, akatoka, akarudi na mama yake.

MaBhele alipiga magoti. Akalowesha kidole mate, akafuta chini ya jicho langu. Akakitazama kidole — safi. Akatazama shavu.

"Wazee wamemshika," alisema. "Wamekataa kuuachia udongo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwepo, wote wananitazama. Nilifungua mdomo. Nozuko akaushika mkono wangu akauweka kwenye paji lake la uso na kuniita dada. Nozuko. Nikafunga mdomo.

Mpaka mchana walikuwa wameshakuja majirani, mmoja mmoja, wanavua viatu mlangoni, wananitazama kama kaburi la mtu mashuhuri. Mmoja ameniomba nimshike tumbo, hajapata mtoto. Nimemshika. Sijui kwa nini nimemshika.

Ujumbe wa Mzoxolo — haruhusiwi kuniona bado: "Mama analia kwa furaha. Tangu baba afe sijamwona hivi. Umefanya nini?"

Nimefanya nini.

Nimempelekea Romaine picha. Jibu la kwanza: hiyo ni nini? La pili lilichukua muda. Kwamba udongo umeingia kwenye matundu kama wino wa chale. Kwamba hajui kama utatoka, na hatanidanganya. Kwamba hilo ndilo dogo — udongo wa kilimani una vijidudu, ngozi ikianza kuvimba nisikae hata siku moja, niende kwa daktari kabla ya kwake. Na kwa hali yoyote nisipakwe tena.

Jumatatu, 11 Desemba

Shavu la kushoto limevimba. Limekuwa gumu, la moto, linagonga. Jicho linafunguka nusu. Kuna vijipu viwili na cha tatu kinakuja. Pumeza amenigusa shingo, akatoa mkono haraka. "Unaungua. Sema, la sivyo nasema mimi." Nikamkataza. Ameninunia, ana haki.

Leo saa sita wanakuja wanawake wa ukoo wote. Kuku wameshachinjwa. Nitapakwa mara ya pili, kushukuru. Nozuko alinieleza hivyo kwa kunong'ona, anaufuta mkeka wangu vumbi wakati anaongea. Na makoti hatoki nyumbani kabla ya wiki kwisha. Kliniki iliyo karibu ni mwendo wa saa moja na robo kwa gari.

Nimepanga maneno. Mama, Alhamisi nilichomwa sindano usoni. Hapana. Mama, si wazee. Hapana. Lipi kati ya hayo linaweza kutamkwa na mtu akabaki kwenye nyumba hii? Na yule mwanamke na tumbo lake?

MaBhele ameingia peke yake. Alimtuma Nozuko nje, akafunga mlango, akakaa chini kabisa, tukawa sawa. Akanitazama lile jicho muda mrefu.

"Nosapho. Nimeolewa miaka hamsini na moja. Nimepaka mabibi harusi mpaka nimesahau idadi. Wazee sijaona wakimvimbisha mtu jicho."

"Hili ni la wazee, au ni la mjini?"

Nikaangalia mkeka. Nimekwishabishana na wakandarasi, na polisi wa barabarani, na meneja wa benki mara mbili. Mbele yake nilihesabu nyuzi za mkeka.

Akasema, na naandika kama alivyosema: "Nje nina wanawake thelathini. Ukiniambia ni la wazee, nitakupaka tena, na utavumilia. Ukiniambia ni la mjini, hutatoka wewe kuwaeleza. Nitatoka mimi. Mimi ndiye niliyesema wamekushika." Akasimama kwa kushika ukuta. "Nakwenda kujaza ndoo. Nikirudi unijibu."

Alijua tangu lini? Jana, na kidole chake kile safi? Au leo?

Namsikia bombani. Nozuko anamwambia aache, atabeba yeye. Mama anamwambia akae. Wanawake wameanza kuimba upande wa zizi, wachache, wanatafuta sauti. Pumeza amechungulia mara moja, ameshika funguo za gari.

Naandika kwa haraka, mwandiko huu sitausoma mwenyewe. Kiatu kimoja nimeshavaa, cha kwenda kwa daktari. Bomba limefungwa.